Onja Kwanza, Bibi

Usiniambie ni njaa au jua lilinipiga. Mimi ni mzaliwa wa Litembo, mama wa watoto wanne, na haya niliyaona mchana kweupe, akili zangu timamu.

Tulishuka na mume wangu, Kosmas, hadi bonde la hifadhi kule chini, karibu na Ziwa Nyasa. Yeye alifuata samaki, mimi nilitaka kuwaona viboko. Kibali tulikuwa nacho. Maji ya kunywa yakatuishia, kiu ikatukaba, askari wa wanyamapori aliyekuwa akituongoza akarudi kwenye gari kutuletea mengine.

Mara akatokea bibi mmoja kutoka upande wa mto. Upande ule hakuna njia, ni matete na mamba tu! Na kanga yake kavu kabisa. Tukamwamkia, akaitikia vizuri, akamnyooshea Kosmas kibuyu cha togwa.

"Kunywa, mjukuu wangu. Jua kali."

Na Kosmas wangu kwa adabu, jamani! Ukingo wa kibuyu ukagusa mdomo wake.

"Onja kwanza, bibi," nikasema.

Kwetu hilo si tusi. Anayekupa kinywaji ndiye anayetangulia kunywa, ujue hakina kitu kibaya. Hata mama mkwe wangu huonja. Bibi akacheka. "Nilishakunywa nyumbani."

"Mama Neema, unaniaibisha," Kosmas akaninong'oneza.

Aibu kitu gani! Nikampokonya kibuyu, nikamsogezea yule bibi mdomoni. "Nyumbani wapi? Onja!"

Weee! Viboko waliokuwa wakiguruma wakanyamaza wote. Bibi akaziba mdomo kwa viganja viwili, akarudi kinyumenyume hadi mtoni, akazama, na maji hayakutikisika hata kidogo. Niamini. Nikamwaga kile kibuyu: tope jeusi, linanuka. Nikapiga vigelegele mpaka askari akaja mbio. Nilikuwa nimemshinda! Mume wangu simtoi kwa mtu.

Na jioni tulipanda Litembo na samaki mkubwa, mbasa wa ziwani, mkia unaning'inia nje ya kapu.

Ila mdomo wa chini wa Kosmas, pale kibuyu kilipogusa, mpaka leo hausikii moto. Chai ingemuunguza asijue. Basi kila asubuhi naonja mimi kwanza, mbele ya watoto, naye anangoja, mtu mzima na ndevu zake.

Nawe ukishuka kule, waheshimu wazee, waamkie. Lakini kinywaji, mwenye nacho aanze. Akikasirika, mwache akasirike.