Kopo la Maziwa la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kukusanya mikojo. Nasema wazi, maana hapa Busia nikiulizwa nafanya nini watu husubiri neno kubwa. Niko kwenye utafiti wa figo. Tunafuatilia watoto waliougua malaria kali hadi figo zikagoma, ili ijulikane nani amepona kweli na nani anaonekana tu kama amepona. Madaktari wanaandika. Mimi napanda pikipiki na kisanduku changu cha barafu, nabisha hodi asubuhi asubuhi, naomba mkojo. Cheka upendavyo, kazi hii naipenda.

Siku ya kugawiwa vijiji nikapewa Paya, na nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya mama mkwe wangu. Nikawaka. Nikamwambia msimamizi, "Huko ni ukweni, siendi!" Yeye ni mtu wa Kampala, akadhani nakwepa barabara mbovu. "Mkojo ni wa mtoto," akasema, "si wa mama mkwe." Jamani, mtu wa namna hiyo utamweleza nini?

Mimi ni Msamia wa Lunyo, mke wangu kwao ni Wapadhola wa Tororo, lakini kwenye jambo hili sheria ni moja. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mambo ya chooni hayatajwi hata kwa kuzunguka. Kwa miaka tisa ya ndoa yangu nilikuwa nakaa kwenye kiti barazani nimeupa mlango mgongo, naye yuko ndani nyuma ya pazia, tunasalimiana hivyo. Kidhopadhola changu ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, yeye chake cha sokoni, mimi changu cha mpakani.

Mtoto mwenyewe ni binti wa shemeji yangu, ana miaka saba, analelewa na bibi yake. Msimu wa mvua uliopita alilazwa mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, kisha ukakatika kabisa. Akapona. Ila bibi hakuamini. Tangu atoke hospitali hakumruhusu kuteka maji, kuruka kamba wala kwenda shule, mpaka "daktari aseme figo iko sawa." Nilipofika mara ya kwanza, yunifomu ya mtoto ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa. Nikaambiwa inafuliwa kila wiki ingawa haivaliwi.

"Mjomba," mtoto akaniuliza hata kabla sijavua kofia ya pikipiki, "nitarudi shule lini?"

"Nikishapima."

Nikamkabidhi chupa yetu, ile ya plastiki nyeupe inayoonyesha kila kitu kilichomo, akaingia nayo ndani. Nikasikia minong'ono mirefu. Alipotoka hakuwa na chupa. Alikuwa amebeba kopo la bati lenye mfuniko, amelishika kwa mikono miwili, amepiga goti. Ndani mlikuwa na mkojo.

Kanuni yetu ni moja, na hufundishwa siku ya kwanza: mkojo uingie kwenye chupa ya utafiti moja kwa moja, si kwenye chombo kingine. Nilipaswa kuuliza. Lakini nimuulize nani? Nipaze sauti kuelekea pazia, "Mama, kwa nini mkojo uko kwenye kopo?" Aka! Nikainama, nikaumimina kwenye chupa ya akiba, nikachovya kijiti cha kupimia. Kile kiraka cha protini kwenye kijiti, kinachotakiwa kubaki cha njano, kikageuka kijani, kijani kabisa.

Kijani maana yake figo inavujisha. Nikaletewa chai, nayo ilikuwa ya rangi, bila tone la maziwa, katika boma lenye ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Nilikunywa nikinuna. Nikajiambia, sawa, mkwe anayeleta habari mbaya hapewi maziwa.

Daktari wetu akasema nirudie baada ya wiki. Ikiwa kijani tena, mtoto apelekwe hospitali kubwa Kampala. Wiki ile sikuwa mtu. Mke wangu aliniuliza mara mia, nami nikamfokea, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamfokea tena. Niliiona ile yunifomu kwenye kamba kila nilipofumba macho.

Niliporudi, chai ilitangulia. Ya rangi tena! Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamnong'oneza mtoto, "Ng'ombe wenu wamekauka?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa maziwa yako wapi?"

"Tunakamua, tunampa jirani. Kopo la maziwa ndilo tunakuwekea mkojo."

Nikaweka kikombe chini.

"Mama," nikaliambia pazia, "lile kopo... lilikuwa la maziwa?"

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Mkwe, chupa yako naonyesha. Mimi nakupa mkojo naonekana namna gani? Naona haya. Kopo ndiyo kitu mzuri iko kwa nyumba, iko na mfuniko. Asubuhi ile natoa maziwa, nasuuza kidogo, naweka."

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Wote wawili tulikuwa wajinga, yeye kwa heshima, mimi kwa heshima. Nilikuwa nimepima protini ya maziwa ya ng'ombe. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu figo za mtoto zilikuwa bado hazijapimwa.

Nikaomba mtoto atumie chupa yenyewe. Bibi akakubali kwa sharti moja, kwamba chupa ifichwe, nayo ikaja imevishwa kitambaa cha kitenge mpaka shingoni. Nikachovya kijiti. Nikahesabu sekunde kwa sauti, nikarudia kuhesabu. Njano. Nikachovya kingine. Njano!

Nilikifuta kijiti kwa pamba, nikakilaza kwenye karatasi, nikaisukuma chini ya pazia bila kugeuka.

"Njano ndiyo mzuri?" akauliza.

"Njano ndiyo nzuri, mama. Figo hazivujishi."

Akaanza kulia. Nami nikalia, mtu mzima na kofia yake ya pikipiki, nikitazama migomba. Mtoto alisimama katikati yetu akimtazama huyu na huyu, hajui afanye nini.

Jua lilikuwa limeshapanda, kule shuleni wako kwenye somo la pili au la tatu.

"Wewe!" bibi akaita kutoka ndani, sauti bado ina machozi. "Yunifomu iko kwa kamba. Vaa, mkwe nakupeleka na pikipiki."

"Bado mbichi, bibi."

"Itakaukia njiani."