Chupa za Furu za Mama Masatu

Miaka ile ya themanini, aliyetaka kuwaona furu wa zamani wa Musoma, wale samaki wadogo wa ziwani, hakwenda tena mwaloni wavuvi wanakoshushia samaki. Mwaloni palikuwa na sangara watupu. Alikwenda kwenye kituo kidogo cha utafiti wa samaki, akamtafuta Marieta Wanzagi, mama Masatu, mtunza chumba cha chupa. Mle ndani, rafu kwa rafu, furu wa kila aina walilala kwenye spiriti. Wengi walivuliwa na marehemu mume wake, Alfonce, kabla sangara hawajawamaliza. Marieta mwenyewe ndiye aliyewasafisha na kuwatia kwenye chupa, akiwa na mimba ya Masatu.

Ufunguo wa chumba aliuvaa shingoni, pamoja na rozari.

Halafu akaja Selestina, binti wa Bunda aliyetoka masomoni ng'ambo. Bwana Mwikwabe, mkuu wa kituo, akampa meza ya dirishani, yenye hadubini pekee iliyokuwa nzima. Marieta akaambiwa wataitumia kwa zamu. Jioni hiyo nyumbani kwake Bweri mboga iliungua akiitazama.

Tangu hapo kila kitu kikawa kinamchoma. Wageni waliozoea kuita, "Mama Masatu, hodi!" sasa walipitiliza hadi dirishani, wakacheka Kiingereza na Selestina. Hata Machage, mlinzi, aliyekuwa akimshikia nafasi kwenye foleni ya duka, alianza kumshikia Selestina. Wakati huo sabuni ilikuwa haionekani, watu wanafulia majani ya mpapai. Selestina alimletea kipande cha sabuni ya kunukia. Marieta akashukuru, akafika nyumbani, akampa jirani. Yeye akaendelea na majani yake.

Siku moja Bwana Mwikwabe akawaita ofisini. Selestina alikuwa amependekeza jambo.

"Chupa zetu tuzigawe," alisema Selestina. "Nyingine ziende Mwanza, nyingine chuoni Dar es Salaam, na wao watuletee za kwao. Jengo hili likiungua leo, mama Masatu, furu hawa hawapatikani tena popote."

"Haliungui," alisema Marieta. "Nimekuwepo hapa toka linapigwa lipu."

"Lakini si mali yangu wala yako, mama."

Marieta alirudi kwenye chupa zake akilirudia neno hilo. Si yako! Nani aliwatoa matumbo? Nani aliachwa mjane na ziwa hilohilo? Na huko Mwanza watasema nani kawaleta? Watasema Selestina.

Bwana Mwikwabe alikubali chupa zigawiwe. Kabla gari la Mwanza halijafika kuzichukua, Marieta alitoa chupa nzuri kuliko zote, wale furu wa tumbo jekundu aliowapenda Alfonce. Akazifunga kwa kitenge kwenye kikapu, akapanda baiskeli hadi Bweri, akazisukumia uvunguni mwa kitanda.

"Za rafu ya juu ziko wapi?" Selestina aliuliza.

"Zilivunjikaga zamani."

Selestina alimtazama kidogo, akainama kwenye hadubini. Gari la Mwanza likaja, likaondoka na chupa nyingine. Usiku Marieta alilala juu ya furu wake kama kuku anayeatamia, na kwa muda alifurahi kweli.

Kiangazi kikaingia, bati likawaka. Nyumba ikaanza kunuka, na Marieta akadhani ni panya. Alipovuta kikapu alikuta vifuniko vimelegea. Baiskeli ilikuwa imevitikisa njiani. Spiriti ilikuwa imekauka. Furu walikuwa wamejikunja kama maganda, wengine wameoza, na ule wekundu haukuonekana tena.

Alikaa chini sakafuni. Kisha akabeba kikapu, akarudi kituoni kwa miguu, akakiweka mbele ya Selestina.

Selestina alifunua kitenge.

"Unajua umefanya nini? Hawa hawako tena ziwani! Hawako!"

"Najua."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuonea wivu," alisema Marieta. "Ulichukua meza, ukachukua wageni. Nikaona unamchukua na Alfonce."

Selestina alifuta macho kwa kiganja.

"Na mimi nilikuwaga nakuonea wivu wewe," akasema mwishowe. "Mimi furu hawa nimewasoma vitabuni. Wewe uliwaona wanarukaruka kwenye wavu."

Waliwaloweka kwenye maji yenye dawa, wakakesha nao. Baadhi walilainika wakarudia umbo lao, wengi wakavunjika vidoleni. Marieta mwenyewe alimweleza Bwana Mwikwabe. Ufunguo ukavuliwa shingoni, ukatundikwa msumarini ofisini, kila mtu auchukue akiuhitaji. Wiki ya kwanza alipita akitazama chini.

Baadaye, biashara zilipofunguliwa na spiriti ikaanza kupatikana tena, gari la Mwanza lilirudi na chupa za huko, likachukua wale furu waliosalimika. Marieta aliwafunga kwa mikono yake, kila kifuniko akikikaza mara ya pili. Selestina alimuuliza rangi walizokuwa nazo walipokuwa hai, akaandika kila alichoambiwa.

Mgeni wa Mwanza alimpa Selestina mkono, akamsifu sana, akapanda gari bila kumwona Marieta. Wivu ukamchoma tena palepale kifuani.

"Selestina," aliita, "njoo tule, ugali unapoa."