Mtumbwi wa Ndizi

Kyaruzi hakuwa mtu wa kubahatisha, na hapo ndipo uchungu ulipo. Miaka sita alijitolea kulinda ziwa kwa macho kutoka kilimani kisiwani Bumbire, na utaratibu wa zamu ni yeye aliyeupigania kwenye kikao cha mwalo, bandari yao ndogo ya wavuvi. Darubini iko moja, boti la uokoaji ni moja. Kwa hiyo boti la abiria lifuatwe kwa darubini kwanza mpaka lifike, kisha mitumbwi ya kasia, kisha wavuvi wenye injini. Mizigo mwisho. "Mkaa hauna mama," aliwaambia, wakacheka, wakakubali.

Alhamisi ile mkewe, Alistidia, alikuwa anarudi kutoka kwa mama yake huko Nshambya, ng'ambo ya ziwa, awahi mazishi ya jirani kisiwani. Alipiga simu asubuhi kwamba atapanda boti la abiria. Alasiri ziwa likachafuka. Kyaruzi akaona vyombo viwili: boti la abiria, na mbali nyuma yake mtumbwi uliosheheni mikungu ya ndizi. Huo ni wa mizigo, akajisemea, akaliandama kwa darubini boti la mkewe. Dakika arobaini hakubandua jicho. Boti likafika, watu wakashuka, akawatazama mmoja mmoja hadi wa mwisho. Alistidia hayumo.

Aliporudisha darubini ziwani, mtumbwi haupo.

Jamani, yeye si Mhaya? Nani kwetu huenda msibani mikono mitupu, bila mkungu wa ndizi? Wale wa mtumbwini walikuwa waombolezaji kumi na mmoja, wamejikunyata nyuma ya mikungu kukwepa mawimbi, na Alistidia alikuwa mmoja wao kwa kuwa boti la abiria lilijaa. Waokoaji waliwakuta wanne wameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi. Alistidia aliopolewa kesho yake.

Watu wakamwambia ajali haina kinga, utaratibu aliufuata. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu? Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe. Alilia mbele ya watu bila kujificha.

Mama mkwe hakuweza kuvuka kuja kuzika, miguu haimbebi. Kyaruzi akamfuata Nshambya, akapiga magoti.

"Mama, niliuona ule mtumbwi. Nikauacha."

Bibi akamwinua. Hakumlaumu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyewaangalia mwisho. Binti yangu alikuwa amekaaje?"

Kyaruzi akaurudisha mtumbwi ule akilini. Mikungu aliiona, hata kofia nyekundu ya nahodha aliiona. Mke wake hakumwona.