Safari ya Starehe ya Mama

Barua ya daktari ilisema tumpeleke mama Dar es Salaam kabla mwezi wa saba haujaisha. Niliisoma mara tatu kwenye benchi la hospitali, na kila nilipofika kwenye neno saratani nilirudi mwanzo, kana kwamba nimeruka mstari. Shule niliishia darasa la saba, lakini neno hilo nalijua.

Mama alikuwa nje juani, anapiga soga na mwanamke wa Endulen aliyeleta mtoto. Yeye alijua tumekuja kwa sababu ya koo. Tangu Pasaka ugali ulikuwa unamkwama, akawa anausukuma kwa maji. Nilipotoka nikamwambia majibu bado. Huo ndio uongo wa kwanza, na niliusema mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Kaka yangu anafundisha shule ya msingi upande wa Mbulu. Alikuja Jumamosi, akasema mama asiambiwe. Ni haki niandike na sababu yake. Mama yetu mdogo aliambiwa ugonjwa wake waziwazi, akageukia ukutani, akakataa hata uji, na hazikupita wiki nyingi tukamzika. Kaka ndiye aliyekuwa anamshikia kikombe. Mtu aliyeyaona hayo akiogopa, simlaumu. Daktari naye alikuwa ametushauri tumwambie, na hilo lazima niliandike pia.

Wazo la starehe lilikuwa langu. Ninafanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye loji moja hapa Karatu, na mama alipenda sana kuhadithiwa habari za wageni: mashuka yanavyobadilishwa kila siku, chupa ya maji ya moto inavyowekwa kitandani ili wasisikie baridi ya kreta. Aliwahi kusema kwamba na yeye angependa kulala mara moja mahali ambapo kitanda kinatandikwa na mtu mwingine. Basi nikamwambia kaka, tumwambie tunampeleka Dar kustarehe, na tukishafika tutasema tupitie hospitali kidogo, watazame koo. Kaka akaniangalia, akasema nimemzidi akili yeye aliyesoma. Nilifurahi. Sijui kama ni furaha ile iliyonifumba macho.

Sikutaka uongo uwe mtupu. Nilipanga safari ya kweli. Meneja wangu alinisaidia kupata chumba kwenye hoteli kubwa iliyo ufukweni, chumba cha chini, maana mama asingekubali kuingia kwenye lifti. Ndege tungepandia Arusha. Niliomba jikoni kwao wamwandalie supu iliyochujwa na mtindi, nikawaambia ni mzee, meno hana. Meno anayo yote. Nikaandika ratiba kwenye karatasi kama zile wanazopewa wageni. Siku ya kwanza: kuwasili, kuoga, kupumzika. Siku ya pili niliandika: mapumziko. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya hospitali.

Nilimsomea ratiba hiyo nyumbani Endamarariek, jikoni kwake. Alinisikiliza akichambua maharage. Akauliza kama bafu la kulala ndani ya maji halina hatari kwa mtu asiyejua kuogelea. Akauliza wazungu wakishapumzika siku nzima, usiku usingizi wanautoa wapi. Akacheka mpaka akakohoa, na akikohoa hivyo alikuwa anashika kifua kwa mikono miwili. Akasema atakwenda.

Kwa muda wa siku nne hivi mambo yalikuwa mazuri, kama neno hilo linaruhusiwa hapa. Alishona kitenge. Majirani wakamwita Mama Ndege. Mmoja wao, rafiki yake tangu ujana, akawa anapita kwenye ua na kupaza sauti: "Mama Ndege, huko juu ukichungulia utuone tunavyochekesha tumeinama, usije ukatutemea mate." Mama akamjibu atamtemea yeye peke yake.

Kisha akanipigia simu kazini, akasema safari isubiri.

Kwetu wanawake wa jirani huvuna kwa zamu. Leo wote kwako, kesho wote kwangu, mpaka mashamba yaishe. Mwaka huo walikuwa wameanza na shamba la mama, maana maharage yake yalikauka mapema. Walimaliza, na sasa zamu za wenzake zilikuwa mbele, na mikono yake walikuwa wanaitegemea. Akasema hawezi kwenda kulala kwenye maji ya moto wakati watu waliomvunia wameinama juani. Mwezi wa tisa tutakwenda, bahari haihami.

Nilimwambia chumba kimeshashikwa. Akasema watalala wengine. Kaka akampigia, akambembeleza, akamkaripia kidogo, hakubadilika. Hospitali wakatupa tarehe nyingine, nikampa mama kama tarehe mpya ya safari, akaikataa nayo, kwa sababu bado mashamba matatu.

Nilikwenda Jumapili moja kwa nia ya kumwambia. Nilimkuta shambani kwa yule rafiki yake, anang'oa maharage polepole, nyuma ya wenzake wote. Nikaingia kwenye mstari wake nikawa nang'oa pamoja naye. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Akanigeukia akaniuliza mbona nimekonda. Nikasema kazi nyingi. Tukafika mwisho wa mstari, nikarudi Karatu. Kaka hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo lawama hii siwezi kumgawia.

Mwezi wa nane uji ukaanza kumshinda. Akabaki na maziwa. Nilimpigia kaka nikamwambia mimi naenda kusema, akitaka aje, asipotaka asije. Alikuja. Alisimama mlangoni, na mimi nikakaa kitandani kwa mama nikamsomea barua ya daktari, yote, nikitafsiri kwa Kiiraqw pale ambapo Kiswahili kilikuwa kigumu.

Mama aliuliza barua ni ya lini. Nikamwambia.

"Kwa hiyo ile ndege ilikuwa ya hospitali."

"Ndiyo, mama. Na hoteli ilikuwepo. Hoteli haikuwa uongo."

Mama akasema bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto kazi: "Mgonjwa anasamehewa zamu, mwanangu. Anayekwenda kustarehe hasamehewi. Ungesema ni hospitali, ningeondoka siku ileile."

Kaka alitoka nje. Nilimsikia analia karibu na zizi. Mimi sikulia wakati ule, sijui kwa nini.

Tulimpeleka Dar wiki iliyofuata, kwa gari, amelazwa kiti cha nyuma. Daktari wa huko alianza kumvuta kaka pembeni, mama akainua mkono, akasema mgonjwa ni yeye. Basi akaambiwa yeye. Wakati wa kupasua umepita. Walichoweza ni kumtoboa tumboni na kumwekea mpira wa kupitishia chakula. Bahari tuliiona kutoka barabarani, mara moja, tukiwa tunarudi. Mama alikuwa amefumba macho, sikumwamsha.

Sasa yuko nyumbani kwake, na mimi nimeomba likizo. Kaka anataka tumwambie kwamba mpira ni wa muda, akipata nguvu utatolewa. Jana asubuhi mama aliniuliza kama atakula ugali tena. Nilimtazama kaka, naye akatazama chini.

Nikasema, "Hapana, mama. Hutakula tena."

Nilingoja ageukie ukutani. Aliutazama kweli, ule ukuta. Kaka akainuka nusu, kama anataka kumshika. Kisha mama akajifunua shuka tumboni, akasema nilete maziwa kabla hayajapoa, na niyamimine taratibu, maana mara iliyopita niliharakisha akaumia.