Vioo vya Chumvi

Ng'ombe tisa walikufa Dundori siku moja, na mdogo wangu aliyekuwa akiwachunga akakamatwa jioni hiyo hiyo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mzungu mwenye shamba alisema kijana ametia utomvu wa sumu kutoka msituni kwenye hori la maji la ng'ombe, na wakati huo neno la mzungu halikuhitaji shahidi.

Mimi nilikuwa mwosha vyombo katika maabara ya kiwanda cha pareto, Nakuru. Nilimpigia magoti mkemia wetu, mzungu naye, na nashangaa hadi leo kwamba alikubali. Aliletewa utando wa mafuta uliokwanguliwa horini. Alikuwa na mashine ya kupitisha miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Kila kitu humeza miale hiyo kwa namna yake, na kalamu huchora mabonde kwenye karatasi. Mabonde ya kitu hiki si ya kile, kama alama za vidole kwenye vipande vyetu vya utambulisho. Yakilingana na ya utomvu, mdogo wangu amekwisha. Yakilingana na ya dawa ya kupe, amepona, kwani dawa ilifungiwa stoo na ufunguo alikuwa nao mwenye shamba peke yake.

Mafuta yale yalitakiwa kubanwa kati ya vioo viwili vidogo, ambavyo mkemia alivipangusa mwenyewe siku zote. Asubuhi ya kupima niliviona vina ukungu. Nikasema leo, kwa ajili ya damu yangu, vitang'aa. Nikaviloweka katika maji moto ya sabuni, mimi fundi wa kuosha! Niliporudi kuvitoa, nilipapasa maji matupu.

"Wewe natia maji?" mkemia aliuliza.

"Ndiyo, bwana. Nilitaka viwe safi."

"Hii hapana glasi! Hii chumvi!"

Hakuwa na vingine, na kioo cha kawaida huizuia miale ile. Vikaagizwa Uingereza, vije kwa meli.

Miezi ikapita. Vilipofika, kalamu ilichora dawa ya kupe, bonde kwa bonde. Mkemia akawaandikia barua wakuu wa gereza siku hiyo hiyo. Jibu lilikuwa fupi: mfungwa alikufa kwa kuhara damu, wiki mbili zilizopita.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Alikuwa akimsimulia kila mgeni jinsi nilivyompigania mdogo wangu. Nilikaa pale nikinywa chai, nikamwacha aseme.