Siku Dorcas Alipokabidhiwa Bunduki

Watu wa kijiji cha Rattling Cove walikuwa wakisema kwamba kwa akina Pynn, mume ana shabaha na mke ana akili. Selby Pynn hakukasirika. Yeye mwenyewe alipenda kulisimulia dukani lile tukio la musi aliyemponyoka. Musi ni jamii ya kulungu, ila dume lake humpita farasi kwa urefu, na nyama yake hulisha nyumba majira yote ya baridi. Selby alimpiga mmoja vizuri kabisa, kisha badala ya kutulia akamkimbilia huku akishangilia. Yule mnyama, ambaye angejilaza palepale akakata roho, akapata nguvu za hofu, akatumbukia ziwani, akaogelea na kwenda kufia ng'ambo. Wanaume wa ng'ambo wakamla, wakatuma salamu za shukrani.

Tangu hapo Dorcas hakumwacha mumewe aende porini peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpishi wa jikoni mwa shule, mwenye sauti ya kuamrisha sufuria na wanafunzi kwa pamoja. Kazi yake ilianzia pale mlio wa bunduki ulipokoma. "Kaa chini!" angemwambia Selby, na Selby angekaa. Kisha angekoka moto na kuteleka birika, na hakuna aliyeruhusiwa kunyanyuka mpaka chai iishe. Baada ya chai ni yeye aliyefuata damu, yeye aliyepasua, yeye aliyegawa. Kufyatua risasi hakukumhusu kabisa.

Vuli hiyo Selby alipasuliwa jicho. Daktari akamkataza kugusa bunduki mpaka lipone.

"Basi mwaka huu tutakula kabichi," Dorcas alisema.

"Kabichi ya nini, na wewe una macho mawili?"

Dorcas akacheka. Lakini Selby hakuwa akitania. Kila jioni alimpeleka nyuma ya nyumba akapige makopo ya maziwa yaliyopangwa juu ya gogo, na makopo yakaanguka moja baada ya jingine hadi jirani yao Azariah Tuff akachungulia uani kuuliza ni vita gani hivyo.

Asubuhi waliyokwenda kuwinda kulikuwa na jalidi, umande ulioganda, juu ya nyasi. Walijibanza ukingoni mwa kinamasi, upepo ukiwapiga usoni. Selby akaweka viganja mdomoni, akaita kama musi jike, mlio mrefu wa puani ambao nyumbani ulimfanya Dorcas amtupie kitambaa cha vyombo. Akaita tena. Matawi yakavunjika ng'ambo, na dume likatoka kwenye misonobari, pembe zake pana kama makasia, likitafuta ni nani anayelililia hivyo.

"Ngoja ageuke ubavu," Selby alinong'ona. "Nyuma ya bega. Pumua kwanza, mama."

Musi akageuka. Dorcas akafyatua.

Mnyama aliruka teke, akayumba, akatokomea mitini. Na Dorcas, mwalimu wa subira wa Rattling Cove nzima, akaruka kutoka pale alipokuwa amejibanza na kuanza kukimbia.

Selby alimdaka mkanda wa suruali. "We! Unaenda wapi?"

"Niachie! Anaondoka! Selby, niachie, anaondoka!"

"Aondoke. Kaa chini."

"Atavuka ziwa yule!"

"Ukimfukuza ndiyo atavuka. Si ndiyo unavyoniimbia kila mwaka? Haya, umeingiza risasi nyingine?"

Dorcas akaitazama bunduki. Hakuwa ameingiza.

"Ona sasa. Ingiza, halafu uifunge kifyatulio isije ikatutoa vidole. Alikuwa amesimama wapi ulipompiga?"

"Pale! Pale kwenye... pale..." Kinamasi chote kikawa sura moja.

"Kwenye kile kisiki cheupe," Selby alisema. "Na ameingilia kushoto kwa msonobari uliovunjika. Kwa jicho moja nimeona, bibie. Sasa chai."

Alichukua muda wake. Alikusanya vijiti vikavu kimoja kimoja kama anachagua vito, akateleka birika, akakata mkate wa molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Dorcas alikaa juu ya gogo. Alitaka kulia, akacheka, kisha akalia kweli kidogo. Kikombe alichopewa kikamwagikia mapajani.

"Hayo maji hayachemki leo?" aliuliza.

"Chai si unayo mkononi."

"Basi tumeshakunywa. Twende."

"Umeimwaga, hujainywa. Mimi bado. Na nataka kikombe cha pili."

"Selby Pynn, unanikomoa."

"Ndiyo," alisema Selby kwa raha, akilamba molasi kidoleni. "Ila nakukomoa kwa faida ya nyama."

Dorcas hakuwa amewahi kujua kwamba chai inaweza kuwa ndefu kiasi kile. Alimtazama mumewe akipuliza kikombe chake na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini siku kama hizi Selby alikuwa akinuna.

Hatimaye Selby akazima moto, wakaenda mpaka kwenye kisiki. Akafunga kitambaa chekundu pale ili wapate pa kurudia wakipotea njia. Damu ilikuwepo juu ya majani ya matunda ya porini.

"Ikoje? Mimi sioni vizuri."

"Nyekundu ya kung'aa," Dorcas alisema, na sauti yake ikaanza kumrudia. "Ina povu. Ni mapafu. Ingekuwa nyeusi ningekukalisha tena, na ingekuwa na uchafu wa tumbo tungekaa karibu mchana kutwa."

Walikwenda taratibu, mmoja akiangalia chini, mwingine mbele. Dume lilikuwa limelala hatua chache tu ndani ya misonobari. Lilijilaza lilipoona hakuna anayelifukuza. Dorcas akazunguka, akalijia kwa mgongoni, mbali na miguu. Akakata fimbo ndefu, akaligusa mbonini. Jicho halikupepesa.

Akatoa risasi zote kwenye bunduki, akaiegemeza mtini. Kisha akavua kofia. Selby naye akavua. Walisimama hivyo, mvuke ukipanda kutoka kwenye manyoya.

"Mkubwa huyu," Selby alisema.

"Mkubwa."

Kisha Dorcas akafunga lebo ya leseni ya uwindaji mguuni mwa musi, akakunja mikono, na yule Dorcas anayejulikana akarudi. "Vuta mguu huo! Ufunge kwenye mti! Si hivyo, mzee, unataka nitoboe utumbo tule kinyesi?" Kisu kilipita ngozi, makali juu, vidole viwili chini yake vikisukuma matumbo pembeni. Akatoa vyote, akatanua mbavu kwa kijiti ili joto litoke upesi, kwa maana nyama huharibikia kwenye joto lake yenyewe. Ini na moyo akaviweka kwenye mfuko safi wa kitambaa.

Azariah alifika na pikipiki yake ya magurudumu manne wakati wanatundika mapaja yapoe.

"Nimesikia mlio mmoja tu," alisema. "Nikajua si Selby."

"Mwenzio nilikuwa na kazi kubwa zaidi," Selby alijibu. "Nilikuwa nimeshika mkanda."

"Mkanda gani?"

"Azariah, shika paja hilo," Dorcas alisema, "na ufunge mdomo, ama utakula kabichi."

Jioni alikaanga ini kwa vitunguu. Alikaa mezani na viatu vya porini miguuni, akatia uma kwenye kipande cha kwanza, akasinzia hapohapo. Selby alimfunika koti mabegani. Kisha, baada ya kuangalia huku na huku, akavuta sahani ya mkewe, akala na ini lake pia. Asubuhi Dorcas alipouliza, Selby akaapa kwamba mkewe alilila mwenyewe, tena akaomba na chumvi.