Jeneza la Mtihani

Baba yangu hakuwahi kufunga duka. Nasema hakuwahi, na wala sitii chumvi. Siku niliyozaliwa mimi, mama alipelekwa kujifungua na shangazi, kwa sababu dukani kulikuwa na mteja kutoka Songea na alikuwa bado hajamaliza kuchagua vitenge. Nilipoingia chuo kusomea uigizaji na uandaaji wa maonyesho, nilimkaribisha baba kwenye igizo langu la kwanza. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa kumi jioni.

"Saa kumi?" Akacheka. "Mwanangu, saa kumi watu wako kazini."

Igizo la pili nikamkaribisha, akasema hivyo hivyo, hata kicheko hakubadilisha. Mwaka wa mwisho nikasusa. Sikumkaribisha tena kwenye chochote, nikae nione kama atauliza. Wala hakuuliza! Mzee wa watu hakugundua hata kama nimesusa, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Tulikuwa na makubaliano mimi na yeye. Nikimaliza chuo, nitajitafutia. Nikirudia mwaka, basi ada hakuna tena, narudi Kariakoo nikae naye kaunta. Hakulisema kwa ubaya. Kwake kaunta ilikuwa urithi. Kwangu mimi ilikuwa kifungo, na kila nikipita pale nikamwona amekunja miguu juu ya stuli yake, nilikaza mwendo.

Sasa, mtihani wa mwisho ulikuwa igizo zima, na mimi nilipewa usimamizi wa jukwaa. Msimamizi wa jukwaa ni yule mtu asiyeonekana na watazamaji ambaye kila kitu kikiharibika analaumiwa yeye: taa, viti, mavazi, hadi mwigizaji aliyetoroka kwenda kununua chipsi. Igizo tulilitunga wenyewe darasani, la ndugu wanaogombana msibani huku marehemu kalazwa katikati yao. Kwa hiyo tulihitaji jeneza. Nikapendekeza tuunge maboksi, tupake rangi, tuendelee na maisha.

Mwalimu wetu, mama mmoja mkali ambaye hata ukikohoa darasani alikuuliza umekohoa kwa nia gani, akanitazama juu mpaka chini.

"Bega halijui kudanganya," akasema. "Mkibeba boksi tupu, tutaona boksi tupu. Nataka mbao, na nataka uzito wa mtu mzima. Bila jeneza, hakuna igizo. Bila igizo, unarudia mwaka."

Mbao nikazipeleka kwa fundi Gerezani. Aliniahidi Jumatatu. Jumatatu akaniahidi Jumatano. Siku yenyewe ya mtihani, saa saba mchana, bado alikuwa anapiga randa huku anapiga na mluzi, na mimi nimesimama pembeni nahesabu dakika. Lilipoisha tukaweka ndani mifuko ya mchanga, tukaizungushia shuka isichezecheze, tukapigilia mfuniko. Kazi ikawa usafiri. Dereva wa kwanza wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, alipoliona alirudi nyuma.

"Dada, jeneza tupu silibebi. Hilo linatafuta mtu."

"Si tupu, kaka. Lina mchanga."

"Mchanga? Ndiyo mbaya zaidi!" Akawasha gari akaondoka.

Wa pili naye akakataa, na wa tatu akanishauri nikaombewe. Basi wavulana wanne wa darasa letu, ambao ndio wangelibeba jukwaani, wakasema tulibebe kwa miguu, si ni hapo hapo tu, tukatize Kariakoo tuibukie chuoni. Juu yake nikatandika kitambaa ili lisiingie vumbi. Mama alikuwa amenipa kipande cha satini kilichododa dukani.

Kilikuwa cha kijani. Nimekulia Kariakoo mimi, sina pa kujitetea. Nyumbani kwetu ni Walutheri wa Kilimanjaro, na kwetu satini ya kijani ni satini ya kijani. Lakini jeneza begani, vijana wanne, shuka la kijani juu kama maiti ya Mwislamu, mitaa ile? Mtoto wa chekechea angejua matokeo yake.

Tulivuka barabara ya mwendokasi, trafiki akasimamisha basi na kuvua kofia. Nikadhani ni mtu mwenye adabu tu. Tulipoingia Msimbazi, muuza mikanda akatupa mikanda yake chini, akaja mbio, akatia bega. Akafuata muuza simu. Akafuata kuli mmoja kashusha gunia lake katikati ya njia. Ndiyo desturi ya pale: jeneza likipita, mwanamume anaacha alichoshika, analibeba hatua chache, anampisha mwingine, anapata thawabu zake. Hawaulizi ni la nani. Ni desturi nzuri, na siku nyingine yoyote ningeisifu.

"Jamani, jamani, subirini!" nikasema. Hakuna aliyenisikia.

Hapo bado ningeweza kuliokoa jahazi, kama si mwenzetu mmoja wa Buguruni, kati ya wale wabebaji wanne. Huyu bwana ndiye alikuwa nyota wa darasa kwenye somo la kubuni papo kwa papo. Somo hilo lina sheria moja: mwenzako akikupa neno, usilikatae, lipokee, kisha uongeze. Tulifundishwa hivyo miaka yote mpaka ikawa ndiyo damu yetu. Sasa muuza mikanda akamuuliza, "Poleni sana, ni mzee?"

"Ni mzee wetu," akajibu yule mpumbavu.

"Wa wapi?"

"Wa hapo Gerezani."

"Fundi?"

"Fundi haswa."

"Isije ikawa yule wa vipuri, mrefu, anavaa kofia?"

"Huyo huyo."

"Mungu wangu!" Muuza mikanda akajishika kichwa. "Juzi tu nimekunywa naye kahawa!"

Akaanza kulia. Kilio cha kweli, machozi na kamasi. Habari ikatangulia mbele kuliko jeneza. Jamaa mmoja akasema kweli, marehemu wiki ile alikuwa akilalamikia kifua. Mwingine akauliza kama kuna wa familia hapo, maana marehemu alikuwa ameazima jeki yake. Mwenzetu akamwambia jeki ipo, itarudishwa baada ya arobaini. Nikamfinya mkono kwa kucha zangu zote.

"Una wazimu?"

"Nifanyeje sasa?" akaninong'oneza, kijasho kinamtoka. "Nimeshapokea!"

Kufika hapo wenzetu wanne walikuwa wameshapokonywa jeneza, liko mbele kabisa juu ya mabega ya watu nisiowajua, na linakwenda mbio. Linakwenda wapi? Nikanyoosha shingo. Mbele kule, baada ya mtaa wa maduka ya vitenge, kulikuwa na msikiti, na alasiri ilikuwa inakaribia. Watu wale wangeswalia mchanga. Na wakishaufunua, wale wavulana wanne wasingetoka Kariakoo wakiwa wazima. Mtihani nao saa kumi.

Nikaanza kukimbia. Kinamama wa mboga wakanidaka.

"Basi, mwanangu, basi. Wanawake tunaishia hapa."

"Niacheni! Ni maigizo!"

"Maskini, kachanganyikiwa."

"Mama, nisikilize! Ndani mna mchanga!"

"Ndiyo, mwanangu," akasema mmoja wao, akanikumbatia kifuani kwake, nikanusa bizari na vitunguu. "Sote tunarudi huko huko mchangani."

Nikaangua kilio. Miaka yote darasani nilishindwa kulia hata nikikatiwa kitunguu, na sasa nalia kwa hasira katikati ya mafungu ya nyanya, na kila nikilia wao wanazidi kuamini. Mmoja akanifunga khanga kiunoni. Mwingine akaniletea maji. Nikayanywa, nikashukuru, nikachomoka, nikapita vichochoroni ninavyovijua tangu utoto ili nikalikute jeneza mbele, pale kwenye kona ya duka letu.

Duka lilikuwa limefungwa.

Nilisimama kama mjinga, nikatazama lile geti. Sikuwahi kuliona kwa mbele mchana. Sikujua hata kwamba limepakwa rangi ya bluu. Kisha nikageuka, nikaliona jeneza langu linakuja, na chini yake, bega la kulia, tepe ya kupimia bado inaning'inia shingoni, yuko baba.

"Baba!"

Akaniona nilivyo, khanga kiunoni, macho mekundu. Akashtuka kweli. "Nani amekufa? Mama yako yuko wapi?"

"Mama mzima." Nikawa natembea naye ubavuni, kinyumenyume, nikinong'ona. "Baba, hakuna aliyekufa. Ni jeneza langu mimi. Ni la mtihani. Ndani ni mchanga, baba, na nisipolifikisha chuoni saa kumi narudia mwaka. Na wanalipeleka msikitini."

Akatazama kile kitambaa kilichokuwa kinamgusa shavu. Akakishika ncha kwa vidole viwili kama anavyoshika vitambaa vyote, akakisugua, nami nikajua amekitambua. Uso ukamkunjamana. Baba ana hasira za polepole, zikija huwa hazirudi, na pale mtaani wote wanamjua, wanamwita Mangi kama wenye maduka wote wa Kilimanjaro, wanamwachia watoto na funguo zao. Kumbe yuko chini ya mfuko wa mchanga, duka amefunga. Nikasubiri aniumbue mbele ya watu wote, na moyoni nikaona ni haki yake.

Akasimama. Jeneza nalo likasimama.

"Jamani," akasema kwa sauti. "Ndugu zangu, tusimame kidogo. Huyu ni wa kwetu. Anasafirishwa Moshi."

Umati mzima ukasema, "Aaaah!"

Nani Dar hajui? Mtu wa Kilimanjaro hazikwi Dar. Hata awe ameishi hapa tangu ujana, atarudishwa kwenye migomba ya babu yake, awe Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mzee mmoja wa kanzu aliyekuwa akiongoza msafara ndiye pekee aliyesogea mbele.

"Lakini, Mangi, maiti ya Mwislamu haicheleweshwi."

"Ndiyo maana tuna haraka, shehe," akasema baba bila kupepesa jicho.

"Gari liko wapi?"

"Linasubiri pale chuoni," akadakia mwenzetu wa Buguruni. Baba alimtupia jicho ambalo lilimnyamazisha mpaka jioni.

Mzee wa kanzu akainua mikono, akaomba safari iwe njema na watoto wa marehemu wafike salama. Nikaitikia amina kuliko wote. Muuza mikanda akaja kunipa mkono wa pole. Wavulana wetu wakarudi chini ya jeneza. Mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwa mbio zile, anachechemea, na baba akamsukuma pembeni, akabaki yeye. Hakunitazama. Akalibeba njia nzima, na tulipofika ukumbini nikataka liwekwe pale mlangoni, akakataa.

"Halitupwi mlangoni. Linakaa wapi?"

"Nyuma ya jukwaa, baba, upande wa kushoto."

Akalifikisha. Akanyoosha kitambaa, pembe kwa pembe. Kisha akatoka, nikadhani anakwenda kufungua duka. Nilipochungulia kupitia pazia wakati wasahihishaji wanaingia, nikamwona ameketi kiti cha mbele, jasho linamtiririka, tepe bado shingoni. Mwalimu wetu akamwinamia na kumwambia kitu, labda kwamba viti vile ni vya wageni rasmi. Sijui baba alimjibu nini. Alibaki pale pale.

Igizo likaanza. Nilikuwa kwenye taa, na zamu yangu ilikuwa wazi: jeneza likishafika katikati, nizime upande wa kulia. Wakalileta. Mwalimu alisema kweli, mabega yalikuwa yamebonyea, na baada ya mwendo ule hayakuwa yakiigiza. Na jeneza lilipotokea tu, baba akasimama.

"Mzee, kaa, hatuoni," mtu akasema nyuma yake.

Hakukaa. Alisimama wima, mikono mbele, kichwa ameinamisha, kama anavyosimama misibani. Alijua ni mchanga. Alikuwa ameubeba mwenyewe. Yule aliyelalamika akasimama. Wa pembeni yake naye akasimama, kisha safu yake, kisha ya nyuma, mpaka na wasahihishaji wakaweka kalamu zao chini, wakasimama. Nami nilikuwa nimeshika swichi ambayo siikumbuki ni ya nini, naona ukungu mtupu. Taa haikuzimwa. Nilikatwa alama kwa hilo, na nilifaulu hivyo hivyo.

Nyumbani hatukulizungumza. Baba hakusema igizo lilikuwa zuri, wala mimi sikumuuliza, niliogopa atacheka. Kesho yake asubuhi nilipita dukani kurudisha satini. Muuza mikanda alikuwepo mlangoni, uso umesinyaa. Tulikuwa tumeshapata habari kwamba yule fundi wa vipuri yuko hai, lakini inaonekana yeye zilikuwa hazijamfikia bado.

"Mangi," akauliza, "mazishi yalikwendaje?"

Baba alikuwa anakunja kitenge. Akamaliza kukikunja, akakipandisha rafu.

"Vizuri," akasema. "Watu wote walisimama."

"Alhamdulillahi. Nani alisimamia?"

Baba akaninyooshea kidole nikiwa pale mlangoni, na satini yangu mkononi.

"Huyu hapa," akasema. "Binti yangu."